Mwizi wa Memori

Kwa miaka kumi na moja ya ndoa yetu, mume wangu Odeke hakuwahi kumsemesha mama yangu hata neno moja. Msinielewe vibaya, hawakuwa na ugomvi. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yake, na aliishika hadi watu wa kwetu Paya wakawa wanamtolea mfano. Yeye ni Mteso wa Buteba, mimi ni Japadhola, na katika jambo hili watu wetu wanakubaliana kabisa: mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Akitaka kusema kitu anamwambia mtu mwingine amfikishie, hata kama mama amesimama hatua tano tu na amekwisha kusikia. Odeke akimwona mama yangu anakuja njiani, huingia kwenye mihogo ya watu mpaka apite. Mara moja aliingia palipokuwa na mzinga wa nyuki, akarudi jicho limevimba, na bado hakulalamika.

Naeleza haya mapema ili mjue maneno ya kwanza aliyomwambia mama yangu yalikuwa na uzito gani. Na mjue pia kwamba nusu ya maneno hayo yalikuwa yangu. Nikikumbuka hilo, hadi leo uso unaniwaka.

Odeke ni fundi. Anatengeneza kompyuta na printa za mawakala wa forodha hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na wakimwita ng'ambo, Busia ya Kenya, anavuka kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Si mtu wa maneno mengi. Shati lake lazima liwe na mfuko wa kifuani, na mfukoni bisibisi tatu. Jumapili anapunguza, anaenda kanisani na moja. Kitu kikimshinda anakichukulia kama tusi. Niliwahi kumwona akikesha na pasi ya jirani siku nne, pasi ambayo mwenyewe alishanunua nyingine.

Miaka mitatu iliyopita wakala mmoja alifunga ofisi, akamwachia kompyuta ya zamani. Odeke akaipandisha juu ya kabati la vyombo sebuleni, akaitia diski mbili kubwa, akaigeuza kuwa seva ya nyumbani. Humo aliweka filamu, nyimbo za kwaya, katuni za binti yetu Acom, na video zote za familia. Mwenye simu na akaunti anachagua anachotaka na kutazama, awe sebuleni kwetu au huko aliko. Akaipa jina, Nyumbani kwa Odeke. Nikamwambia wewe duka huna, lakini kompyuta yako ina kibao. Alicheka siku nzima.

Video za familia zilikuwa faili za kamera ya kizamani, nzito, zenye namba badala ya majina. Kila mwezi nilimwomba azipe majina ili mtu ajue harusi ni ipi na ubatizo ni upi. Kila mwezi alisema atazipa.

Mwezi wa pili mwaka huu mashine ikaanza kuanguka. Ilikuwa inafika saa kumi jioni na kitu, katuni za Acom zinaganda, kisha programu yote inazimika. Odeke akifungua ukurasa unaoonyesha hali ya mashine, anakuta memori imejaa hadi juu. Giga nane zote zimeliwa. Mimi nauza vitenge sokoni, memori haikuwahi kunihusu, lakini nilijifunza kwa lazima kwa sababu mezani hapakuwa na mazungumzo mengine. Diski ni stoo, alinieleza, na memori ni meza ya jikoni. Stoo inaweza kuwa kubwa, lakini meza ikijaa vyombo hupati pa kukatia vitunguu.

"Sasa nani anajaza meza?" nikamuuliza.

"Ndiyo natafuta, Mama Acom."

Alitafuta kweli. Aliizima na kuiwasha. Akaondoa programu alizoziona hazina kazi. Akaikataza kuchora vile vipicha vya kila filamu. Akaisafisha vumbi kwa brashi ya rangi ya kucha yangu, hilo nalo tuligombana. Mwishowe akavuka kwenda kwa Marion, anayeuza vipuri vya mitumba upande wa Kenya, akarudi na kipande cha memori cha giga nane nyingine. Marion alimwambia, "Hii iko fiti, boss. Ikikusumbua nirudishie, mi niko hapa tu." Kilikuwa fiti kweli. Kilichobadilika ni kwamba mashine sasa ilianguka saa kumi na mbili badala ya saa kumi.

Jambo lililomchanganya zaidi ni umeme. Ukikatika mchana, jioni ile mashine inaamka na afya tele. Siku zote nchi nzima inalaani umeme kukatika, na mume wangu peke yake anausubiri ukatike. Nilimwonea huruma, lakini nilicheka pia.

Baada ya wiki tatu ndipo akaangalia kitu alichopaswa kuangalia siku ya kwanza, yaani orodha ya watu wanaotazama. Hakuwa ameifungua kwa sababu ya kiburi cha ufundi, aliamini ugonjwa uko ndani ya mashine na si kwa watu. Ilikuwa Jumapili, saa kumi, nachambua mchele.

"Mama Acom, kuja uone! Iko mtu anakula memori yetu."

Nikaenda na ungo mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na akaunti inaitwa Wageni. Hiyo Odeke aliifungua kwa ajili ya Eriya, kijana aliyekuwa amepanga chumba chetu cha nyuma. Eriya aliondoka Krismasi bila kuaga, na sufuria yangu kubwa ya aluminiamu ikaondoka siku hiyo hiyo. Sikumwona akiibeba, lakini sina shaka, na hilo tumeshalizungumza sana nyumbani.

"Anafungua faili moja, anaacha, anafungua tena," Odeke akasema. "Ona. Mara tisa wiki hii! Faili moja tu, namba 231."

"Faili ya nini?"

"Sijui. Video tu ya kamera. Huyu anataka kuua mashine, si kutazama."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefungua faili namba 231 aone ni nini. Ni kubonyeza mara moja tu. Lakini Odeke alikuwa na wiki tatu za kushindwa kifuani, na mimi nilikuwa na sufuria. Programu ile ina kisanduku ambacho mwenye seva anaandika ujumbe, nao unatokea palepale kwenye kioo cha anayetazama. Odeke akaandika kwa vidole viwili: Wewe mwizi, nimekuona. Toka kwa mashine yangu.

Alitaka kuutuma hivyo. Nikamwambia huo ni ujumbe wa padri, hebu nipe. Nikavuta kibodi kwangu, ungo nimeubana kwapani, nikaongeza: Mtu mzima ovyo, huna hata haya. Kisha nikabonyeza mwenyewe.

Punde si punde jina la Wageni likatoweka kwenye orodha. Tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Odeke akafuta akaunti ile, akaizima mashine na kuiwasha, na jioni yote haikuanguka. Alikunywa chai vikombe vitatu.

Kesho yake asubuhi nikiwa sokoni, kaka yangu Owor akapiga simu. Owor ndiye anayekaa na mama kule Paya.

"Dada, mama anauliza ameiba nini."

Nikadhani sijasikia. "Nani ameiba?"

"Mama. Jana alikuwa anamsikiliza Mzee kwa simu, maandishi yakaja. Juu iko jina, Nyumbani kwa Odeke. Ilimwita mwizi. Ilimwambia hana haya. Dada, mama hakula jana."

Mama yangu, Abbo, aliuza maharagwe na simsim katika soko hili hili la Busia miaka ishirini. Kiswahili anakisoma vizuri kuliko mimi. Hakuna neno hata moja lililompita.

Nilikaa juu ya marobota ya vitenge, mteja anaita nami simjibu. Yote yakanirudia kwa mpigo. Baba alifariki mwezi wa sita mwaka jana. Baada ya mazishi nilimwekea mama ile programu kwenye simu ili awe anamwona Baba akitaka, na neno la siri pekee nililolikumbuka lilikuwa la akaunti ya Wageni. Nilimwonyesha pa kubonyeza. Wiki moja baadaye alisema simu inamchosha macho, nikaamini ameacha. Sikumuuliza tena. Tangu Oktoba sikuwa nimekwenda hata kumwona. Kila wiki soko, kila wiki sababu. Na faili namba 231 ni siku ya utambulisho wetu, kwanjula tunavyoiita Uganda, siku Baba aliposimama kuwakaribisha watu wa Buteba akahutubia kwa muda wa karibu saa mbili, hadi wali wa wageni ukapoa.

Odeke aliporudi mchana nilimwambia akiwa bado mlangoni. Hakufoka. Aliuliza tu, "Alisoma yote?"

"Yote."

Akatoka akasimama nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Aliporudi alikwenda kwenye mashine, akafungua ile faili. Sauti ya baba yangu ikajaa sebuleni, ikiwauliza watu wa Buteba kama ng'ombe wao wamechoka au bado wako njiani. Odeke akaiacha iseme kidogo, kisha akaanza kukagua mipangilio, polepole. Akakuta kosa. Video ile ilikuwa ya aina ambayo simu ya mama haiwezi kuionyesha, kwa hiyo kila alipoifungua, seva iliigeuza kwanza. Na mwezi wa pili mahali pa kugeuzia Odeke alikuwa amepahamishia ndani ya memori, ili diski za zamani zisichoke. Alikuwa amejisifu kwa ujanja ule. Kila nakala iliyogeuzwa ilibaki juu ya meza mpaka umeme ukatike, na kila siku mama akafungua nyingine.

"Ni mimi nilijaza," akasema. "Si yeye. Ni mimi niliweka pale."

Siku ya tatu mtu wa boda alileta kifurushi kutoka Paya. Ndani ilikuwa simu ya mama, imefungwa kwa kitambaa, na chaji yake. Owor akaeleza kwa simu kwamba mkwe asikanyage uani mpaka alete mbuzi, na hata akileta, mama ndiye atakayeamua. Mwezi wa sita tulitakiwa kuweka saruji kwenye kaburi la Baba na kufanya misa ya mwaka. Kama Odeke hangekuwa amekubaliwa nyumbani kabla ya siku hiyo, ningekaa pale peke yangu, na kila shangazi angeniuliza mume wangu yuko wapi, na kila shangazi angekuwa tayari analijua jibu.

Owor aliomba kuongea na Odeke. Nilikuwa naosha vyombo, simu iko kwenye spika.

"Shemeji, sisi tulikuwa tunakusifu wewe. Mwizi, sawa, hukujua ni yeye. Lakini hii ingine ya mtu mzima ovyo? Hata kama ilikuwa ni Eriya, unaweza kuandikia mtu hivyo?"

"Ni kweli," Odeke akasema. "Nimekosa."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye simu. Nilisugua bakuli moja ambalo lilikuwa safi tangu mwanzo.

Alipokata nilimuuliza, "Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Mashine ni yangu," akajibu. "Jina langu ndiyo iko juu." Sikusisitiza, kwa sababu nafsi yangu ilifurahi. Nasema ukweli. Niliona aibu, na chini ya aibu nilifurahi kwamba si mimi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tulikodi pikipiki mbili. Mimi nilipanda moja na unga na sukari, Odeke nyingine na mbuzi mapajani. Hakuvaa bisibisi hata moja. Njia nzima nilipanga namna ya kumwambia mama. Nitamvuta kando, nitasema kabla mbuzi hajafungwa. Tulipofika, mama alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda ndani ya mlango, mgongo kwa uani, kichwa kimefunikwa. Odeke akasimama nje ya ua, penye mihogo, amemshika mbuzi kamba, macho chini. Owor akaniambia nisimame katikati ndiyo niwafikishie maneno. Basi nikasimama juani katikati ya mume wangu na mama yangu.

Mama alisema kwa Kidhopadhola, lugha yetu. Odeke anakielewa baada ya miaka yote hii, na mama anakijua Kiswahili, lakini kila neno lilibidi lipitie kwangu.

"Muulize mkwe, mashine yake imepona?"

"Mwambie Mama imepona."

"Ilikuwa inaumwa nini?"

Odeke akaeleza. Hakuficha. Alisema mahali pale alipaweka yeye, na kwamba mtu yeyote angefungua video ile, mashine ingeanguka vilevile. Nikafikisha.

"Mimi nilikuwa namwacha amalize," mama akasema. "Baba yako hakupenda kukatizwa, na katika maisha yake sikuwahi kumkatiza. Kazi ikiniita, naweka simu kitandani, nafunga mlango, naenda kufunga ng'ombe. Yeye anaendelea. Nikirudi nikakuta amenyamaza, namwanzisha tena." Akavuta kitambaa chake mbele. "Sikujua anawamalizia watu vitu vyao."

Nilifikisha kwa Kiswahili. Odeke alijifuta uso kwa mkono wa shati, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Akatoa simu ya mama mfukoni, akampa Owor, akasema video ile sasa iko ndani ya simu yenyewe, ameipunguza uzito, haipiti kwenye mashine ya mtu yeyote, na Mzee anaweza kusema siku nzima. Mama aliipokea bila kugeuka. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mapajani.

"Mbuzi nimempokea," akasema. "Nimebaki na swali moja, halafu aingie ale. Hilo la mwizi nimelielewa. Mtu akiona vyake vinapungua atapiga kelele, hata mimi sokoni nilipiga. Lakini lile la mwisho, la mtu mzima ovyo. Huyu mtoto wa watu alinikimbia kwenye nyuki kwa heshima. Muulize, lile alilifikiria mwenyewe?"

Odeke alikuwa amelisikia. Hakumtazama mama, alinitazama mimi. Nilikuwa na muda wote duniani. Hakuna aliyenikaba koo. Niliona miguu ya mama iliyopasuka visigino kwa ajili ya ada zangu za shule, nikafungua mdomo, na nilichosema ni, "Anauliza, lile la mwisho ulilifikiria mwenyewe?"

"Mwambie ndiyo," Odeke akasema.

Nikageuka, nikamwambia mama yangu, kwa lugha aliyonifundisha yeye, kwamba ndiyo.

Mama akatikisa kichwa polepole. Akamwambia Owor ampelekee mkwe maji ya kunawa kule nje. Kisha akasogea kidogo kwenye kigoda, akapiga-piga ile nafasi kwa kiganja.

"Wewe njoo ukae hapa karibu na mimi, mwanangu," akasema. "Hili halikuwa kosa lako."

Nikakaa.